Mafuta ya kula yanapimwa, damu ya mzazi inakisiwa

Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao. Juzi kanitumia picha ya orodha aliyopewa kliniki: glavu, pamba, wembe, vibanio vya kitovu, sindano, beseni, khanga, na mpira wa kujifungulia. Huduma ya mama mjamzito ni bure, kama tujuavyo sote tuliowahi kuinunua.

Kilichonikera safari hii si hela. Ni huo mpira. Wanakukatia duka la dawa, unaukunja unautia kwenye begi, siku ikifika unatandikwa kitandani unalalia. Kazi yake ni godoro lisilowe. Damu ikitoka inapita juu yake, nyingine inazama kwenye khanga, nyingine inachanganyika na maji ya uzazi, inayobaki inadondoka sakafuni. Mkunga anaangalia anasema: "Kawaida." Au anasema: "Hii imezidi kidogo." Imezidi kutoka wapi? Mangi pale mtaani akinipimia mafuta ya kula anatumia kipimo, na nikiona hakijajaa tunagombana.

Tuliokaa misibani tunaijua ile sentensi. "Alijifungua salama, ila damu ikamwishia." Mtu mzima mmoja anasema kazi ya Mungu haina makosa, wote tunaitikia, tunaendelea kumenya vitunguu. Mimi nimemenya vitunguu vya namna hiyo, na aliyekufa alikuwa ametutumia picha ya mtoto saa chache nyuma.

Tumwache Mungu kidogo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kila mwaka wanawake wapatao milioni 14 wanatokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na karibu 70,000 wanakufa, wengi wao huku kwetu kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Kwamba macho hayajui kupima damu ni jambo lililochunguzwa miaka mingi. Macho hukisia pungufu, na damu ikiwa nyingi zaidi ndipo yanapokosea zaidi. Yaani yanamwangusha yule yule anayeyahitaji.

Sasa sikilizeni. Mei 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioitwa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham pamoja na Shirika la Afya Duniani. Ulifanyika wapi? Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa hapa Tanzania. Hospitali 80, wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Nusu ya hospitali ziliendelea na mazoea. Nusu nyingine zilipewa plastiki ya kutandika chini ya mama, yenye mfuko unaokinga damu, na mfuko una mistari: hapa mililita 300, hapa 500. Basi. Hakuna umeme, hakuna betri, hakuna mtaalamu wa kuja kuifunga kutoka Ujerumani.

Damu ikigusa mstari wa 500, au ikifika 300 na mapigo au presha ya mama vikaanza kuonyesha kasoro, mkunga haanzi kubahatisha dawa moja, asubiri, ajaribu nyingine. Anafanya yote kwa mkupuo: anakanda kizazi, anachoma oksitosini ya kubana kizazi, anatoa asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu isiendelee kuvuja, anatundika dripu, anakagua kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kimebaki, na ikishindikana anaita wakubwa. Dawa hizo si ngeni kwa wakunga wetu. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu kujua mapema kwamba sasa ndiyo saa yake.

Matokeo: kwenye hospitali za mazoea, waliotokwa na damu nyingi waligunduliwa nusu tu. Nusu! Wale wengine walikuwa wanavuja mbele ya watu wenye sare. Kwenye hospitali zenye mfuko waligunduliwa asilimia 93. Wanawake waliofikia hatua mbaya, yaani kupoteza lita nzima na zaidi, kupasuliwa kwa ajili ya damu hiyo, au kufa kwayo, walikuwa asilimia 4.3 ya waliojifungua kwenye hospitali za mazoea, na 1.6 kwenye zenye mfuko. Desemba mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kuunga mkono njia hiyo. Kwa hiyo tusiambiane kwamba utafiti bado unaendelea. Utafiti umekwisha, umefanyika kwa miili ya shangazi zetu na dada zetu.

Nilimuuliza rafiki yangu mkunga, kituo sikitaji. Akacheka kile kicheko chao. "Semina tulipata, shosti. Na mifuko tuliletewa. Ikaisha." Na ilipoisha? "Tukarudi kwenye macho."

Hapo ndipo naposhikwa na hasira ambayo hata kuiandika inaniuma tumbo. Kila mwaka tuna kongamano la afya ya mama. Kuna fulana, kuna mabango, kuna mgeni rasmi, kuna chai na sambusa. Posho ya kikao ya mjumbe mmoja ingenunua mifuko ya wodi kwa siku kadhaa. Lakini mfuko wa plastiki haukatwi utepe. Hakuna waziri wa kusimama mbele ya plastiki na kupigwa picha.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba tumepiga hatua. Takwimu za taifa zinasema vifo vya uzazi Tanzania vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na hiyo si kazi ndogo. M-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, nayo inasaidia, gari linakuja. Ila gari linaitwa baada ya mtu kugundua kwamba mama anakufa, na mimi nazungumzia kugundua.

Na ndiyo, damu benki haitoshi, wakunga wachache, barabara mbovu. Najua. Mnaonijibu hivyo kila mara mnachagua vile vya mabilioni, ili kile cha bei ndogo kisizungumzwe.

Kuna jambo jingine chini ya haya yote na nitalisema bila kupamba. Tumelelewa kuamini kwamba uzazi ni damu. Mwanamke ni kuvumilia, tuliambiwa tangu tukiwa ndani. Akisema anasikia kizunguzungu anaambiwa atulie, si ndiyo kwanza amezaa? Akilalamika baridi anaongezewa khanga. Damu ya mahali pengine popote mwilini ni dharura, hii peke yake ndiyo tunaiita kawaida hadi dakika ya mwisho.

Wanaume mnaoniuliza mnaweza kusaidia nini zaidi ya kununua beseni: ulizeni wodini mapema, kabla uchungu haujaanza, damu hapa inapimwa kwa kitu gani? Mtaonekana wajuaji. Nesi atanuna, anune tu. Akijibu "tunaangalia kwa macho", msimgombeze, yeye hajaletewa. Swali hilo lipelekeni kwa mganga mkuu wa wilaya, mkitoka huko kwa diwani wenu, kabla bajeti ya halmashauri haijapita.