Mtoto akikosa, kesi yake iishie kortini au kwa afisa wa probesheni?

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 14 aliyenaswa na simu ya mama muuza mboga katika soko la Kongowea, Mombasa. Zamani njia yake ilikuwa seli ya polisi, kisha korti ya watoto ya Tononoka, na pengine rumande huku kesi ikitajwa na kuahirishwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, ile iliyopandisha umri wa kuwajibika kijinai nchini Kenya kutoka miaka 8 hadi 12, inaruhusu kesi kama hiyo imalizwe nje ya mahakama, kwa mfano mbele ya afisa wa probesheni, yaani ofisa wa serikali anayewasimamia wakosaji bila kuwafunga, iwapo mtoto amekiri kosa kwa hiari, ushahidi wa kutosha upo, na yeye na mzazi au mlezi wake wameridhia. Huomba radhi, hulipa fidia au hurudi shuleni chini ya uangalizi, na jina lake haliingii katika rekodi za wahalifu.

Wanaopinga wana uchungu wa kweli. Simu ya mama yule ndiyo mtaji wake, kwani ndani yake mna pesa na namba za wateja, na wakazi wa Kisauni, huko huko Mombasa, waliowahi kushambuliwa na vijana wenye mapanga wamechoka kumwona mshukiwa akirejea mtaani kesho yake. Hata hivyo, si haki kuuweka wizi wa simu na jeuri ya mapanga katika kapu moja. Tena korti yenyewe haimfai sana mlalamishi huyu: atafunga kibanda, atalipa nauli kila kesi inapotajwa, na simu yake huenda ikazuiliwa kama kielelezo, ilhali mbele ya afisa wa probesheni angerudishiwa mali yake na kumweleza mtoto ana kwa ana hasara aliyomtia. Afisa huyo pia hufika nyumbani kwa mtoto na kuzungumza na mwalimu wake, akagundua mambo ambayo hati ya mashtaka haiyasemi.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni huko kukiri. Mtoto aliyelala kituoni na njaa, anayemsikia mama yake akilia nje, akiambiwa akubali kosa ili aende nyumbani, atakubali hata asilolitenda. Korti, pamoja na ukali wake wote, humtaka mwendesha mashtaka athibitishe kosa. Utaratibu huu wa nje ya mahakama hutegemea neno la mtoto. Kwa hiyo naunga mkono njia ya probesheni kwa makosa yasiyo ya jeuri, lakini kwa sharti kwamba wakili awepo tangu mwanzo, na kwamba kabla ya fomu yoyote kutiwa saini, mtoto aulizwe polisi wakiwa wametoka chumbani: simu hii uliichukua wewe?