Mkaguzi wa kike na lifti ya mwenye kiwanda

Hapa Lubumbashi, Kongo, kila timu ya wakaguzi wa ubora inapopangwa kwenda kwenye viwanda vya shaba na kobalti, husikika sauti mbili. Ya kwanza inasema: tumeni mwanamke, huyo hatakula madesu ya bana, yale maharage ya watoto, kama tunavyoiita hongo. Ya pili inajibu: kule ni mbali, kuna asidi, kuna kambi ya wanaume, mama abaki mjini na makaratasi. Zote mbili nimeambiwa usoni, na siku moja nilizisikia kutoka kinywa kimoja, asubuhi hii na jioni ile. Watu huzichukua kama pande mbili za ubishi. Mimi naona zina kosa moja: zinamtwika mwanamke kazi ambayo ni ya aliyeupanga ukaguzi.

Sauti ya kwanza ina ushahidi, na haifai kuipuuza. Mwaka 2016 watafiti watatu wa vyuo vya Marekani, Jodi Short, Michael Toffel na Andrea Hugill, walichapisha uchambuzi wa kaguzi karibu 17,000 za viwanda vinavyouzia makampuni makubwa. Kaguzi hizo zilihusu jinsi wafanyakazi wanavyotendewa, lakini kazi yenyewe ni kama yetu: unaingia, unauliza, unatazama, unaandika. Waligundua kwamba timu ya wanaume watupu huripoti makosa machache zaidi. Wengi wanaonitajia utafiti huo huishia hapo. Waliendelea kusema kwamba makosa yanayoripotiwa hupungua pia mkaguzi akiwa amewahi kukagua kiwanda hicho hicho, timu ikiwa na uzoefu au mafunzo haba, na bili ikilipwa na huyo huyo anayekaguliwa. Mambo manne, na jinsia ni moja tu kati yake.

Hilo la bili ndilo linalonikaa rohoni. Mwaka 2013 Esther Duflo na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika jimbo la Gujarat, India, kwa wakaguzi wa uchafuzi wa viwanda. Kwa kawaida kiwanda kilijichagulia mkaguzi na kumlipa. Katika jaribio, mkaguzi alipangiwa kiwanda kwa bahati nasibu, akalipwa kutoka mfuko wa pamoja, na baadhi ya vipimo vyake vikarudiwa na watu wengine. Ripoti zikaanza kusema kweli, na viwanda vyenyewe vikapunguza uchafuzi. Kilichobadilishwa ni nani anamteua mkaguzi na pesa inatoka mfuko gani.

Kwa hiyo nikisikia "wanawake hawali", sifurahi. Nimewaona wanawake wakipokea bahasha iliyoandikwa "transpoti", na nimewaona wanaume wakiirudisha. Sifa hiyo inamfungulia mlango mwanamume anayekula, kana kwamba ndivyo alivyoumbwa, halafu inamfanya mwanamke atafute kuthibitisha ukali hata pasipohitajika. Lilinipata mimi mwaka wangu wa kwanza. Katika kiwanda kimoja niliandika kasoro kubwa kwa mizani ya kupimia mabamba ya shaba, kwa kuwa kibandiko cha tarehe ya uhakiki wake kilikuwa kimepitwa na siku nne. Cheti kipya kilikuwa ndani ya faili, hakuna aliyekuwa amebandika kibandiko kipya. Ilistahili kasoro ndogo. Niliipandisha kwa sababu kikaoni walikuwa wanaume tisa na mimi, na niliogopa kuitwa laini. Kiwango cha ISO 19011, ambacho tunakifuata katika kuendesha kaguzi, kinataja misingi saba katika toleo la mwaka 2018. Kuripoti kwa haki na kutegemea ushahidi vimo. Siku ile nilivunja yote miwili, na bado nikapongezwa kwa msimamo.

Msingi mwingine katika hiyo saba ni uhuru wa mkaguzi, na hapa ndipo maadili ya kazi yanapomwangukia mwanamke kwa uzito ambao wenzetu wa kiume hawauoni. Kanuni tunazofundishwa ni rahisi: usile chakula cha gharama cha unayemkagua, usipokee zawadi, usipande gari lake. Bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) za kantini, zile wanazokula wafanyakazi wote, nakula bila wasiwasi. Gari ni jambo jingine.

Jioni moja tulimaliza kikao cha kufunga kwenye kiwanda kilicho kando ya barabara ya Likasi. Gari letu lilikuwa limeharibika tangu mchana na mwenzangu alikuwa amesharudi mjini na sampuli. Jua lilikuwa linazama, malori yanapita moja baada ya jingine, vumbi jekundu halitulii. Dereva wa kiwanda akasimama mbele yangu, akafungua mlango. "Mama, panda tu, giza inaingia." Nilikuwa nimetoka kuwaandikia kasoro tatu, na meneja alikuwa amekaa kiti cha mbele. Nikimkatalia, nabaki barabarani peke yangu usiku. Nikipanda, kesho itasemwa kwamba mkaguzi alirudishwa mjini na meneja, na kwa mwanamke neno hilo halikomi kwenye uhuru wa ukaguzi, linaenda hadi nyumbani kwake. Nilipanda, nikakaa nyuma, nikampigia kiongozi wa timu na kumweleza kwa sauti ili wote wasikie, na kesho yake nikaiandika safari hiyo kwenye ripoti.

Wenzangu wawili waliniambia nilikosea: kanuni ni kanuni, mwanamume angetembea hadi kituo cha polisi au angelala kwa mlinzi. Nawaheshimu, na wana hoja. Kanuni ikianza kulegezwa kwa huyu, kesho kila mtu atakuwa na giza lake. Lakini kanuni inayotimizwa na yule tu anayeweza kulala kwa mlinzi iliandikwa kwa kumfikiria mtu mmoja. Dawa yake ni gari la pili kwenye bajeti na saa ya kufunga kikao isiyovuka saa kumi. Ni gharama, na kampuni ndogo zitalalamika. Walalamike wakati wa kujadili bei, kabla mkaguzi hajaachwa barabarani.

Nije kwenye sauti ya pili, ile ya kumlinda mama. Ina mizizi mirefu. Mkataba namba 45 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1935, ulikataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini, ingawa tangu mwanzo uliruhusu waachwe nje ya katazo wale wanaoshuka mara moja moja kwa shughuli isiyo ya mikono, na mkaguzi ni mtu wa namna hiyo. Hapa kwetu, kifungu cha 448 cha Sheria ya Familia ya mwaka 1987 kilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa mkataba wowote unaomfunga kutoa huduma yeye mwenyewe. Sharti hilo liliondolewa katika marekebisho ya Julai 2016. Swali la "bwana anajua uko huku?" bado naulizwa getini.

Hata hivyo si kila anayetaka kutulinda anatudharau. Mjamzito kusimama kwenye ukumbi wa kuchujia shaba kwa umeme, ukungu wa asidi ukimwasha koo, ni jambo la kukataa, na mimi nilikataa nilipokuwa na mimba ya pili. Ila yule anayesema ukumbi ule haumfai mkaguzi kwa saa mbili, awatazame pia walio mle ndani zamu nzima. Kama hewa ni mbaya kiasi hicho, iandikwe kasoro.

Faida ya kuwa na mwanamke kwenye timu ipo, ila ina gharama ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Wanawake wa viwandani hutuambia mambo. Katika maabara moja walikuwapo watatu tu. Mmoja aliniambia, tukiwa tunanawa mikono, kwamba shefu wa zamu ya usiku huwaamuru wabadilishe namba za matokeo ya sampuli za kobalti, na anayekataa huanza kutumiwa ujumbe usio wa kazi. Hilo ni unyanyasaji, na ni kasoro ya ubora vilevile, kwa kuwa matokeo ya maabara hiyo hayakuwa tena na thamani. Tatizo ni namna ya kuliandika. "Mfanyakazi wa kike wa maabara alisema" maana yake watu watatu, na kufikia jioni angebaki mmoja.

Kiongozi wa timu, mwanamume mwenye umri wa baba yangu, alitaka liandikwe vivyo hivyo, kwa kuwa ukweli ni ukweli. Tulibishana hadi usiku. Mwishowe tukaomba karatasi zinazotolewa na mashine yenyewe kwa wiki sita, zamu zote, tukazilinganisha na daftari la maabara. Mashine iliandika namba moja saa nane na dakika arobaini usiku, daftari likaonyesha nyingine, tena na tena, katika zamu za mtu yule yule. Kasoro kubwa ikaandikwa kwa karatasi hizo, pasipo neno la mtu yeyote. Suala la ujumbe tulilipeleka kwa njia nyingine, na kwa ridhaa ya yule dada wa maabara.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Hakuuliza shefu amefanywa nini. Aliuliza kama jina lake limo. Nikamwambia halimo, akanyamaza kidogo, akasema asante Mama, akakata.