Fildi ya Sheria: Anzia Mahakama ya Mwanzo

Msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ukifika, wanafunzi wengi wa sheria hapa Tanzania hukimbilia ofisi kubwa za mawakili mjini. Wengi huishia kutoa fotokopi na kusindikiza mafaili. Kwa maoni yangu, anayetaka kuijua kazi aanzie Mahakama ya Mwanzo, kisha kituo cha msaada wa kisheria. Ofisi yenye kiyoyozi ipo tu, haikimbii.

Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, mashauri mengi husikilizwa hadharani, na unaweza kulifuata shauri hatua kwa hatua. Chukua mirathi. Maombi hujazwa Fomu Na. I, yanatangazwa, wenye pingamizi wanajitokeza, msimamizi anateuliwa. Ndugu wanadhani yamekwisha. Bado: ndani ya miezi minne msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, Fomu Na. V, na baadaye hesabu za mgawanyo, Fomu Na. VI. Hapo ndipo majalada yanapolala. Msimamizi keshauza kiwanja, hesabu hajaleta, warithi wamerudi kwa hakimu wakilalamika.

Kwenye msaada wa kisheria, iwe LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) au kituo cha chuo chenu, utajifunza kumhoji mteja. Aliyeachishwa kazi ataanza na ukali wa bosi tangu enzi hizo. Mwache aseme, halafu uliza tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zikipita, inabidi aombe kwanza kuongezewa muda na aeleze sababu ya kuchelewa. Omba uione barua yenyewe ya kuachishwa, usitegemee kumbukumbu yake. Baki na nakala, halisi mrudishie.

Zoezi moja la kung'ang'ania ni kuandaa rasimu ya hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu huyaapia ili yatumike mahakamani. Aya zipewe namba, zibebe mambo ya hakika tu. Hoja za kisheria na maombi havikai humo. Alichoambiwa muapaji, amtaje aliyemwambia. Kisha uthibitisho: aya zipi anazijua mwenyewe, zipi kaambiwa. Chini kabisa, sehemu ya kamishna wa viapo, yule anayeapisha, ionyeshe mahali na tarehe ya kuapa, na kama muapaji anafahamika kwake au katambulishwa na nani. Mistari hiyo mitatu hudharauliwa, na upande wa pili huanza kusoma hapohapo, kwani kiapo kibovu huweza kuangusha ombi zima. Mwombe wakili akosoe rasimu kwa kalamu, sio kwa mdomo.

Usijitambulishe kama wakili, wala usimwandalie mtu nyaraka za mahakama kwa malipo. Sheria ya Mawakili inakataza. Na jalada la mteja halipigwi picha kwenda kwenye grupu la WhatsApp la darasa.

Barua ya kuomba nafasi mahakamani ielekeze kwa Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu kiongozi wa mahakama hiyo, uambatanishe ya chuo, na uipeleke mapema kabla nafasi hazijajaa. Ukipokelewa, omba kuanzia masijala, ofisi ya kupokea na kutunza majalada. Karani wa masijala atakuonyesha kwa nini nyaraka hukataliwa dirishani kabla hata hakimu hajaziona.