Haki Yangu Iko Kibaigwa

Jamani, sheria hainionei. Inasema nikiandikiwa kosa barabarani naweza kulikataa, nipelekwe mahakamani, afande aeleze yake na mimi nieleze yangu mbele ya hakimu. Ni haki yangu kabisa. Tatizo haki yenyewe iko Kibaigwa nilikoandikiwa, na mimi naishi mbali, Nzuguni, huku Dodoma mjini.

Kibaigwa mnaijua: soko la mahindi, malori kila upande. Kibao cha 50 kipo, sibishi. Ila siku hiyo mbele yake limeegeshwa lori, wapagazi wanapakia magunia. Mke wangu anaweza kuona hadi kilicho nyuma ya ukuta, mimi sikujaliwa. Nasogea kidogo, naona sare nyeupe chini ya mti.

"Habari za safari, mzee wangu?"

Trafiki akikuita mzee wangu, shika pochi.

Nikaomba nione picha ya tochi, ile kamera yao ya kupimia spidi. Na nyie ombeni, msione aibu: angalia namba ya gari, spidi, saa. Nikaangalia. Namba ni yangu, spidi 61, saa ni ileile. Nilitegemea basi hata namba iwe ya mtu mwingine! Nikabaki na silaha moja. "Afande, kibao kimezibwa na lori, lile pale." Tukageuka wote wawili.

Lori limeshaondoka. Kibao kimesimama peupe, hata vumbi hakina.

Nikataka kuendelea kubishana, lakini nikaona afande kaanza kulizunguka gari taratibu, anachungulia tairi, anauliza mtungi wa kuzimia moto, anauliza zile pembetatu za kuweka barabarani. Kila kosa ni Sh 30,000. Bodaboda wao walipunguziwa mwaka 2021, kosa Sh 10,000. Sisi wa magurudumu manne tunaonekana tuna hela. Basi nikawa mpole ghafla, nikapokea karatasi yangu yenye namba ya malipo, nikashukuru. Yaani nimeandikiwa, halafu nashukuru!

Huku kijiweni tuna bwana mmoja, hana gari, hana hata baiskeli, ila vifungu vyote anavyo kichwani. "Usilipe! Ukilipa umekiri. Nenda mahakamani!" Maneno matamu. Nikapiga hesabu: nauli kwenda na kurudi, chai, chakula, kazi nimeacha, kesi ikiahirishwa nirudi tena. Kabla hakimu hajafungua faili nimeshamuuza mbuzi. Mama watoto akauliza swali dogo tu: "Na ukishindwa?"

Wakati huo deni halikai nyumbani kunisubiri. Limeng'ang'ania namba ya gari. Nikisimamishwa Ihumwa, afande anaingiza namba kwenye simu: "Mzee, unadaiwa." Nikienda mjini: "Mzee, unadaiwa." Hata mwenye duka wangu hajawahi kunidai hadharani namna hiyo.

Nikasema potelea mbali, nakwenda kuongea na wakubwa wa huko. Nikapanda basi, maana gari langu lisingefika bila kusomewa deni njiani. Tunakaribia Kibaigwa, lori linalokuja likatupigia taa. Dereva wetu akalegeza mguu, tukaingia mjini taratibu kama tunasindikiza bibi harusi. Trafiki chini ya mti akatupungia mkono!

Nikamshika konda shati. "Kijana, mbona siku ile mimi hakuna aliyenipigia taa?"

"Mzee, nauli."

Nikatoa.