Kumtenga Mgonjwa Kuwe na Mwisho

Mgonjwa anayerudi Unguja au Pemba baada ya kulazwa kwa muda mrefu katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam au ya India anaweza kuwa amebeba bakteria sugu, yaani wasiouliwa na dawa za kawaida, puani, kwenye ngozi au tumboni bila ya kuumwa nao. Yeye, na anayeingia chumba cha wagonjwa mahututi, ndio ninaoona wapimwe siku ile ile wanapopokewa; kumpima kila anayelazwa kungemaliza vifaa vya maabara ambavyo wenye homa na vidonda wanavihitaji zaidi. Kipimo chenyewe si kigumu: kijiti cha pamba hupitishwa puani akitafutwa stafilokokasi (bakteria wa puani na wa ngozi) asiyesikia methisilini, dawa ya jamii ya penisilini, au kwenye njia ya haja kubwa wakitafutwa bakteria wa utumbo wasiosikia karbapenemu, antibiotiki za akiba, kisha vimelea huoteshwa kwa siku mbili tatu.

Anayekutwa nao hutengwa ili asiwaambukize wengine. Lakini linalonishughulisha zaidi ni siku ya kumtoa mgonjwa katika kutengwa. Kuanza kunajulikana: chumba cha peke yake kikipatikana, glovu, aproni na kunawa mikono. Kumaliza hakuna mwenyewe, na kwetu, ambako jamaa ndiye anayeleta uji, anayemgeuza mgonjwa na kumkosha, kila siku inayoongezwa bila ya sababu humpunguzia huduma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa katika hospitali za Kanada na Marekani, ulionesha kuwa waliotengwa walipata madhara yatokanayo na huduma ya hospitali mara mbili ya wenzao wasiotengwa.

Sisemi tuwatoe kwa huruma. Kipimo kinachochukuliwa wakati mgonjwa bado anatumia antibiotiki kinaweza kudanganya, kwa sababu dawa huwapunguza bakteria bila ya kuwamaliza. Mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2018 unataka, kwa bakteria wasiosikia karbapenemu, ipite angalau miezi 6 tangu walipoonekana mara ya mwisho, na vipimo viwili mfululizo visiwaoneshe, vikipishana kwa wiki moja au zaidi.

Miezi 6 hiyo hakuna atakayeimaliza wodini, na nyumbani hatengwi mtu. Atanawa mikono na kuishi na watu wake. Akiruhusiwa hospitali ya Mkoani, Pemba, kisha akavushwa kulazwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, wanaompokea watajuaje? Mimi ningeridhika na mstari mmoja kwenye kadi yake: bakteria gani, tarehe ya kipimo cha mwisho, na nani aliyeamua kuwa kutengwa kumekwisha au bado.