Kangaga la Killarney: Lebo Itaje Linapoota?

Sampuli kavu za kangaga (fern) la Killarney zilizomo katika hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, za Uingereza na Ireland ni ushahidi wa kisayansi, na nyingi kati yake ni mabaki ya uporaji pia. Katika karne ya 19 Waingereza walipagawa na makangaga, hata mwandishi Charles Kingsley akaupa wazimu huo jina mwaka 1855: pteridomania. Kangaga hili, lenye jani la unene wa seli moja linalopitisha mwanga, liling'olewa mapangoni na nyuma ya maporomoko ya maji likauzwa, likapandwa kwenye makasha ya kioo sebuleni.

Leo karatasi hizo, pamoja na lebo zake zinazotaja mahali, zinapigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Je, kila mtu aone zilikochumwa?

Wanaotaka mahali pafichwe wana historia upande wao. Mmea huu hukua polepole, huhitaji unyevu usiokatika, na mwizi mmoja anaweza kumaliza kundi zima kwa alasiri moja. Ila mara nyingi ufichaji wenyewe hufanywa ovyo: majiranukta (namba zinazoonyesha mahali kamili kwenye ramani) yanafutwa kwenye hifadhidata, huku picha ya lebo, yenye jina la kijito kwa mwandiko wa mkono, imeachwa wazi.

Upande wa pili, wa wanaotaka mahali paonyeshwe, nao hausemi upuuzi. Anayekata miti juu ya korongo na kuanika pango kwa jua hana nia mbaya, hakuambiwa tu kwamba kangaga lipo. Na mtafiti anayepewa mraba wa ramani wa kilomita 10 kwa 10 badala ya mahali kamili hapati kitu, kwa kuwa uhai wa kangaga hili huamuliwa na mita chache za kivuli na matone.

Kwangu mimi, hatari kubwa zaidi ni kuusoma ukimya wa hebaria kana kwamba ni ushahidi: pasipo na sampuli, kudhani mmea haupo. Makangaga yana hatua mbili za maisha: ile ya majani, na ile ndogo itokanayo na spora, gametofiti. Ya kangaga hili ni nyuzi za kijani zilizosokotana, rahisi kudhaniwa mwani, na huweza kujizalisha zenyewe miaka nenda rudi bila kutoa jani hata moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo wataalamu walipoanza kuzitambua porini Uingereza. Baadaye zikaonekana hadi Ujerumani na Luxembourg, mbali na pwani za Atlantiki ambako majani hupatikana zaidi. Wachumaji wa zamani walifuata majani. Ramani iliyochorwa kwa karatasi zao inaonyesha walikopita na walichokitamani, na mmea wenyewe kwa sehemu tu.

Kwa hiyo naunga mkono kuficha, kwa sharti: picha ya lebo ifichwe pamoja na majiranukta, na mtafiti, mwenye ardhi na mamlaka ya misitu wapewe mahali kamili wanapoomba. Mraba usio na rekodi usiandikwe "halipo" mpaka mtu amemulika tochi ndani ya mianya ya miamba yake.