Tusiwanyang'anye Wageni Kiswahili Walichokifuata

Jumamosi iliyopita nilialikwa kwenye hafla ya kuwaaga wanafunzi 12 wa Kimarekani waliokaa hapa Bagamoyo kwa wiki sita kujifunza Kiswahili. Msemaji wao alisimama, akatuamkia kwa "hamjambo", kisha akasoma hotuba nzima kwa Kiingereza, nasi wenyeji tukampigia makofi. Baadaye binti huyo aliniambia kuwa alikuwa ameandaa hotuba ya Kiswahili, ila mratibu alimshauri aiache ili muda usipotee. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao haujanitoka hadi leo.

Mzee mmoja niliyekaa naye meza moja alisema kuwa wiki sita ni matembezi, si masomo. Siafikiani naye, ingawa kuna ukweli nisioweza kuukwepa. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mtu aliyekulia katika Kiingereza huhitaji takribani wiki 36 za masomo ya kila siku ili aweze kufanya kazi kwa Kiswahili. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris mwaka 1939, aliishi katika pwani hii karibu miaka 20. Ngeli haziingii kichwani kwa mwezi mmoja na nusu, na anayekuja bila msingi wowote huondoka na salamu na majina ya vyakula. Hilo nalikubali.

Hata hivyo, ipo faida ambayo darasa la kwao haliwezi kumpa kwa urahisi, nayo ni wepesi wa kusema. Mwaka 2004, Norman Segalowitz na Barbara Freed walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi wa Kihispania waliobaki chuoni Marekani na wenzao waliokwenda Alicante, Hispania, kwa muhula mmoja. Waliosafiri ndio walioonyesha maendeleo makubwa zaidi katika kuzungumza bila kusitasita. Muhula ni mrefu kuliko wiki sita, lakini wepesi wa namna hiyo nimeuona ukichipuka ndani ya wiki sita, katika nyumba yetu ya Magomeni, hapahapa Bagamoyo.

Miaka mitatu iliyopita tulimpokea binti mmoja, na shangazi yangu, ambaye hajui neno hata moja la Kiingereza, akamfanya mwenzake wa jikoni. Siku ya kwanza alimkalisha juu ya mbuzi ya kukunia akamkabidhi kizio cha nazi, akawa anamwelekeza kwa maneno yaleyale ambayo angemwelekeza mjukuu wake: kuna nazi taratibu, usifike kwenye kifuu, sasa kamua, sasa chuja. Binti aliposema, "Shangazi, samaki hii bado mbichi?", shangazi aliweka mwiko chini. "Samaki huyu, mwanangu. Sema tena." Akasema tena. Kesho yake alikosea vilevile, akasahihishwa vilevile, bila kuchekwa wala kusifiwa. Wiki ya nne nikamsikia akisema "samaki hii", akanyamaza kidogo, akajirudi mwenyewe: "samaki huyu". Wiki ya sita alikuwa sokoni akimwambia muuzaji, "Kaka, nipunguzie, mwenzio sina zaidi ya hii," kwa lafudhi ya shangazi kabisa.

Sasa mlinganishe na msemaji wetu wa Jumamosi. Katika wiki yake ya kwanza nilimpeleka mimi mwenyewe kwenye soko la samaki. Aliinama juu ya fungu la changu akauliza, polepole, "Samaki hii bei gani?" Muuzaji akamjibu bei kwa Kiingereza. Alimjibu hivyo kwa ukarimu, na kwa sababu wateja wengine walikuwa wakingoja, wala simlaumu peke yake. Lakini niliutazama uso wa binti yule ukibadilika, na tuliporudi siku ya tatu aliuliza kwa Kiingereza tangu mwanzo. Hakuna mtu aliyemwambia kuwa ni "samaki huyu". Tulimwambia tu, kila mahali alipokwenda, kwamba anajua Kiswahili sana.

Sifa hiyo ndiyo inayoniumiza kuliko yote. Tunamsifu mgeni kwa kusema "asante", kisha tunahamia Kiingereza, na kwa kufanya hivyo tunamfungia mlango tukidhani tunamfungulia. Mtoto wetu akikosea tunamrekebisha kwa sababu tunatarajia aijue lugha. Mgeni tusiyemrekebisha tumeshaamua moyoni kwamba hatajua, na yeye mwenyewe huanza kuamini hivyo. Kijana anayemwamkia bibi wa miaka 70 kwa "mambo" badala ya "shikamoo", nasi tukatabasamu tukanyamaza, atalirudia kosa hilo mpaka siku ya kupanda ndege.

Waandaaji nao wana sehemu yao, kwa kuwaweka mara nyingi wanafunzi wote katika nyumba moja ambako jioni nzima husemwa Kiingereza. Mpwa wangu aliyekwenda Beijing kwa wiki tatu kujifunza Kichina alilazwa bweni moja na Watanzania wenzake, na siku nyingi Kichina chake kiliishia mlangoni pa darasa. Simu pia huwarudisha wanafunzi nyumbani kwao kila usiku.

Kundi jingine linakuja mwezi wa sita, na wawili watakaa kwetu. Nimewaambia watoto kuwa mezani ni Kiswahili tu, na shangazi amekubali kuwachukua wote wawili jikoni. Juzi nilikwenda sokoni kuzungumza na yule muuza samaki. Alinisikiliza, kisha akaniuliza afanyeje ikiwa mgeni hataelewa bei. Nikamwomba amhesabie kwa vidole, kisha aitaje tena kwa Kiswahili.